Tulivyomngoja Mutinda Kwa Tivi ya Matiliku

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwa holi ya Matiliku jua halijatoka vizuri, nimebeba ufagio wangu mwenyewe. Nilifikiria kazi ya kaunsili ni kama kibarua ya shamba, mtu anaenda na jembe yake. Afisa wa Maendeleo wa divisheni alinikuta nimekaa kwa ngazi. Alikuwa mtu mrefu wa soksi ndefu, kalamu tatu kwa mfuko wa shati. Akaangalia ufagio, akaniangalia mimi, akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la tatu. Ukweli ni la pili, lakini la tatu niliingia wiki mbili kabla baba aseme mbuzi haziwezi kujichunga, kwa hivyo sikudanganya sana.

"Mama, utafagia, utafunga na kufungua, na utachunga mali ya serikali," akasema.

Nikazunguka ile holi nikitafuta mali. Kulikuwa na mabenchi, meza moja mguu umefungwa na waya, na ndoo ya mchanga ya kuzima moto. Nikafagia mchanga iliyomwagika, nikangoja.

Mali ilikuja baada ya mwezi, kwa gari ya kaunsili, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa kabati ya mbao ya miguu minne, na milango miwili ya kufuli, na ndani ndio kulikuwa na kioo. Nyinyi wajukuu mmezaliwa mkakuta tivi imebandikwa ukutani kama kalenda. Sisi tulikuwa tunaifungulia milango kama kanisa, na watu walikuwa wanavua kofia.

Fundi alitoka Machakos akanifundisha asubuhi moja, na hiyo ndiyo shule yangu kubwa nilisoma. Stima haikuwa, tulitumia betri ya gari. Betri ikianza kuisha, picha haizimi mara moja, hapana. Inajikunja kutoka pembeni, inakuwa ndogo, inakuwa ndogo, kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani, mpaka msomaji wa habari anabaki na kichwa kama ya mtoto. Hapo unajua kesho ni safari ya mashine ya kusaga unga, kwa sababu ile injini ndiyo ilikuwa inatuchajia. Mara ya kwanza nilibeba betri kwa kyondo cha mkonge mgongoni na mukwa, ule mkanda wake, kichwani, vile tunabeba maji. Nilipofika nikasikia mgongo unaniwasha. Ile maji ya betri ni kali, ilikuwa imekula chini ya kyondo na nyuma ya rinda, na mwenye mashine akageuka akaangalia ukuta kwa heshima. Afisa akaninunulia wilibaro.

Kulikuwa na mambo mengine. Picha ikipanda juu, inapanda tu kama mtu anapanda ngazi haifiki, kuna kifundo nyuma unazungusha polepole. Ikiwa na pacha, kila mtu ana kivuli chake kando, hiyo ni eria, ile chuma ya kushika picha, inaangalia vibaya. Eria ilikuwa juu ya mti mrefu wa blugamu, unazungusha huku mwingine yuko mlangoni anakwambia rudisha, rudisha kidogo, umepitisha. Na zile doti nyeupe nyeupe tulikuwa tunaita mchele. Mtu akitoka nje kukojoa akirudi anauliza, bado kunanyesha mchele? Na ukizima, katikati ya kioo kunabaki nukta moja nyeupe, inapungua, inapungua. Watu wazima na akili zao walikuwa wanakaa kwa benchi kuingoja ile nukta ipotee ndio waseme tumeenda.

Sasa niwaambie kitu kilikuwa kitamu zaidi. Si sinema, ni matangazo ya biashara. Kwa sababu matangazo yalikuwa kwa Kiswahili, na hata sisi wa Kikamba tulikuwa tunayashika. Kulikuwa na moja ya sabuni, wamama wawili wanaanika nguo, mmoja shuka yake inang'aa mpaka jirani anaziba macho na mkono. Wimbo wake tuliuimba mtoni, na sabuni yenyewe hatuna, tunafua na ile ya mche ya kukata na waya. Kulikuwa na ya mafuta ya kupika. Bwana anatoka kazini na koti, anafika kwa geti, anasimama, pua juu, anavua kofia polepole. Huyo alikuwa anapendwa. Wanaume wa Matiliku wote walianza kusimama mlangoni kwao na pua juu, na mabibi zao wanawaambia ingia, ni muthokoi tu, mahindi ya jana. Kulikuwa na ya dawa ya kichwa, mtu wa kuchorwa anagongwa na nyundo kwa utosi. Siku hizi nikisikia biashara kwa tivi ni mambo ya kukopa na simu, nanyamaza. Hakuna mtu anasimama kwa geti akanusa kwake.

Na habari. Msomaji akisema hamjambo, holi nzima inajibu. Kulikuwa na susu mmoja, yaani nyanya, bibi ya mzee wa kanisa, huyo alikuwa anamjibu na anaendelea kumuuliza kwao wameamkaje. Akishaona mtu wa habari anamwangalia, anavuta leso anafunika magoti. Tukimwambia huyo hakuoni, anasema, na wewe ulimuuliza?

Jumatano ilikuwa siku ya wamama. Afisa mwenyewe alipanga hivyo, ati wanaume wana Jumamosi na mpira wao. Wanawake walikuja na vyondo vyao wanasuka, wanakaa chini na mgongo kwa benchi, saa kumi na mbili na nusu kipindi kinaanza. Shida ni kwamba hicho kipindi kilikuwa cha Kizungu. Mwanzoni karani wa holi ndiye alikuwa anaeleza, lakini alichoka na wamama kumuuliza kila kitu, akaanza kwenda nyumbani mapema. Afisa akaniita.

"Mama, wewe umesoma. Waelezee wenzako."

Ningesema nini? Nilisema ndiyo bwana afisa.

Wajukuu, kuelezea sinema ni kazi, msione hivi. Unasimama kando ya kioo, si mbele. Unaangalia uso wa mtu, mikono yake, unaangalia anafunga mlango namna gani. Mtu amekasirika anaonekana hata kama anaongea Kichina. Neno moja moja unalolijua unalikamata, hayo mengine unayajaza. Nilikuwa nayajaza kwa Kikamba kizuri, na mithali ndani. Karani alisema siku moja alisikia kutoka nje akafikiria kuna kesi ya ukoo.

Ile hadithi ilikuwa ya mama mzungu anakaa kwa nyumba kubwa na bustani. Tulimpa jina Mueni, kwa sababu kwetu mueni ni mgeni, na yeye alikuja kwetu kila wiki. Kwa ukuta wake kulikuwa na picha kubwa ya mwanaume wa ndevu na kofia ya kazi. Kila mara mtu akija kumtembelea, Mueni anaangalia ile picha anasema maneno matatu, na nilikuwa nayajua yote. Mai, ni yangu. Hasbandi, ni bwana. Na katikati, leti. Hiyo leti niliijua kuliko zote, nilichapwa kwa sababu yake. Mwalimu wetu alikuwa anasimama mlangoni asubuhi na kiboko anasema yu ari leti, na sisi tunanyoosha mikono. Leti ni kuchelewa.

Kwa hivyo nikawaambia, huyo kwa picha ni bwana yake, amechelewa kurudi.

Wamama wakasema ooh. Nani hapo alikuwa hajui bwana kuchelewa? Nusu ya wanaume wetu walikuwa Mombasa na Nairobi, wengine kwa reli, wengine hata hujui. Na kwa sababu kwetu mtoto akikaa tumboni kupita miezi yake anaitwa Mutinda, aliyekawia, yule bwana wa picha akaitwa Mutinda hiyo hiyo jioni. Sikumpa mimi jina, ni holi ilimpa.

Hapo nilijitengenezea kazi. Kuna mwanaume wa koti nyeusi alikuwa anakuja kumuona Mueni na makaratasi, nikasema ni ndugu ya Mutinda, ameleta habari kwamba meli imekwama. Mueni akilia, ni kwa sababu barua haijafika. Mueni akicheka, amesikia yuko njiani. Wamama walikuwa wanatoka wanasema, leo hakufika, labda Jumatano ijayo. Miaka miwili. Na wengine waliomba kwa kikundi cha kanisa, Mungu amfungulie Mutinda njia.

Sasa mjue Mbithe. Mbithe alikuwa rika langu, tulichota maji kisima kimoja tangu wasichana, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka holi. Bwana yake, Kilonzo, alienda Mombasa kutafuta kazi ya bandari, akatuma barua mwaka wa kwanza, akatuma blanketi mwaka wa pili, halafu kimya. Miaka sita ya kimya. Mbithe alikuwa na watoto wawili na shamba ya mawe ya mama mkwe. Kwa ukuta wake alikuwa na picha ya Kilonzo. Alipomuona Mueni anaangalia ukuta wake, aliacha kusuka. Kutoka hiyo siku hakukosa Jumatano hata moja. Alikaa mbele, karibu na mguu wangu, na alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Na leo amesema anamngoja?" Mimi namjibu, amesema anamngoja.

Mwaka huo kaka yake Mbithe akatoka Kathonzweni kumuona. Watu wengi wa milimani walikuwa wameshuka huko, kulikuwa na msitu, mtu anafyeka anaweka kibanda inakuwa yake. Lakini kaka alisema mambo yanabadilika. Watu wa kupima mashamba wanakuja mvua ikikaribia. Atakayepatikana na kibanda chake na mahali amefyeka atapimiwa. Ambaye hayuko, basi, hayuko. Alikuwa amemfyekea dada yake pembe moja, ilikuwa imebaki tu yeye mwenyewe akae hapo.

Mbithe akakataa. Alisema Kilonzo akirudi akute mlango umefungwa atafikiria ameolewa. Kaka akabembeleza siku mbili, akaenda. Nilimwambia Mbithe mimi pia, shamba ni shamba. Akanicheka, akasema, "Mueni ako na nyumba ya vyumba kumi na anangoja. Mimi wa chumba kimoja nishindwe?"

Nilicheka pia. Sikuwa najua.

Halafu sabuchifu wetu akafa. Tulienda mazishi wote, kaunsili ilifunga ofisi, na D.O., mkubwa wa divisheni, alikuja na hotuba kwa karatasi. Alikuwa mtu wa mbali, alisoma kwa Kizungu na karani wetu akawa anatafsiri. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na karani, nikinyoosha sikio vile mtu wa kazi moja anasikiliza mwenzake. D.O. akasema, awa leti sabuchifu. Nikangoja karani aseme aliyechelewa. Hakusema. D.O. akarudia tena, leti, na mkono anaonyesha sanduku.

Nikamvuta karani shati. Nikamuuliza polepole, "Amechelewaje, na yeye ndiye alifika wa kwanza? Sisi wote tumemkuta hapa."

Karani aliweka kofia kwa uso. Watu walifikiria analia, wakamhurumia. Tulipokuwa tunarudi ndio akanieleza. Leti ziko mbili, mama. Moja ni ya kuchelewa. Nyingine ni ya kufa, marehemu. Ukisikia inakaa mbele ya jina la mtu, huyo haji tena.

Nilitembea hiyo njia yote bila kusalimia mtu. Si kwa ajili ya aibu, aibu ilikuja baadaye. Nilikuwa namhesabia Mbithe siku. Mvua ilikuwa imebaki wiki tano.

Nilienda kwake kesho yake saa nne, akiwa anamenya mbaazi uani. Nilikaa, nikachukua mbaazi nikaanza kumenya pia, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unapata nguvu. Nikamwambia yote, mwalimu na kiboko, D.O. na sanduku. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Kwa hivyo Mutinda amekufa," akasema.

"Amekufa."

"Lini?"

"Kabla hatujaanza kuangalia. Alikuwa amekufa tangu mwanzo."

 Kuku akaja akadonoa mbaazi, hakumfukuza. Halafu akaniuliza, "Na zile maua Mueni alikuwa anapanda kila wiki? Ulisema anapanda ili bwana akija akute kwake kunapendeza."

"Nilisema mimi. Nafikiri alikuwa anapenda maua tu."

"Na akicheka?"

"Alikuwa anacheka, Mbithe. Yule mama alikuwa anaishi maisha yake."

Hapo ndio aliweka sufuria chini. "Mwikali," akasema, na hakuwa ananiita jina siku hizo, alikuwa ananiita mama Kyalo. "Mimi nimekaa nikifikiria anavumilia. Nikasema huyu akivumilia navumilia. Na kumbe nilikuwa navumilia peke yangu."

 Nilimwambia anisamehe.  Aliingia nyumbani akakaa kidogo, akatoka na kanga ya kanisa begani.

"Leti ziko mbili, si ndio? Nataka kujua yangu ni gani."

Akaniachia watoto na mbuzi, na Jumatatu akapanda basi ya Mombasa kule barabara kubwa. Hakuwa amefika hata Machakos maishani mwake. Nilikaa na hao watoto siku nane, na kila siku nilikuwa nasema Mungu, hata kama ni ile leti mbaya, ajue tu.

Alirudi siku ya tisa, Jumatano, mchana. Alikunywa maji vikombe viwili. Alisema aliuliza Wakamba wa Mombasa mpaka akapelekwa mahali wanaita Changamwe, mlango wa bluu. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa miaka minne hivi mwenye uso wa Kilonzo, uso wote, mpaka masikio. Kilonzo alikuwa ndani anakula. Alikuwa amenona. Aliinuka akamsalimia vizuri kama mtu amepata mgeni kutoka nyumbani, na bibi ya huko akampa chai. Mbithe akanywa chai, akauliza mama mkwe aambiwe nini. Kilonzo akaangalia chini akasema awaambie kazi ni nyingi.

Nikamuuliza, sasa ni leti gani hiyo?

"Si yoyote," akasema. "Hakufa, na hajachelewa. Amefika. Amefika kwingine."

Jioni hiyo akaja holi. Nilidhani hatakuja. Akakaa mahali pake, karibu na mguu wangu. Nikafungua milango ya tivi, ikapata moto, mchele ukapungua, na kabla kipindi kianze nikasimama mbele ya kioo, mahali mtu wa kazi yangu hasimami. Nikawaambia wamama, mimi niliwadanganya bila kujua. Nikaeleza leti. Nikasema Mutinda haji, alikufa zamani, ile picha kwa ukuta ni ya ukumbusho.

 Hata vyondo vilisimama. Halafu yule susu, bibi ya mzee wa kanisa, akauliza kutoka nyuma, "Sasa tumlilie leo, ama sisi pia tumechelewa?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Lakini yeye hakuwa anacheka. Alisimama, akafunga macho, akasema tuombe. Akaomba Mungu akumbuke mjane. Hakusema jina. Alisema, huyu mwanamke ameangalia njia kwa muda mrefu, Bwana, sasa mgeuze shingo, mwonyeshe mahali miguu yake itaenda. Kwa kioo nyuma yangu Mueni alikuwa tayari ameanza kuongea, hakuna aliyemsikiliza. Habari ya Mombasa ilikuwa imefika sokoni kabla ya jioni, si mnajua soko. Kila mtu alijua tunamuombea nani. Mbithe alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake inasuka, inasuka tu.

Ijumaa alishuka Kathonzweni na watoto, kuku watatu kwa kikapu, na jembe mbili. Picha ya ukutani aliirudishia mama mkwe. Watu wa kupima walimkuta kwa kibanda chake na moshi ukitoka. Alipimiwa.

Mimi niliitwa ofisini. Afisa wa Maendeleo alikuwa ameambiwa na karani, na alikuwa amekasirika na kalamu zote tatu.

"Mama, miaka miwili umekuwa ukiwaambia wananchi uongo kwa chombo cha serikali."

Nikasema, bwana afisa, ni neno moja tu.

"Neno moja? Kikundi cha kanisa kimeomba kwa ajili ya maiti ya mzungu."

Nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka, akageuka dirishani. Lakini barua aliandika. Nikahamishwa Mukuyuni, kufagia tu, kuelezea hapana.

Huko Mukuyuni nilikaa miaka mingi. Afisa wa huko alikuwa mwanamke, mkali wa hesabu ya viti, na tivi yake ilikuwa na vijana wa sekondari wakieleza. Walikuwa wanaeleza sawa sawa, neno kwa neno, na mpaka nusu ya kipindi wamama wamelala. Nilisimama mlangoni na ufagio, mdomo unaniwasha kuliko ile siku ya betri. Baadaye stima ikaja, rangi ikaja, tukaona kumbe ile shuka ya sabuni haikuwa nyeupe peke yake, kulikuwa na bluu. Halafu mwenye duka akanunua yake, mwalimu akanunua yake, na kila nyumba iliyopata yake ilitoa watu watano kwa holi yangu. Nilimalizia kazi Kathonzweni miaka ya tisini, na huko holi ilikuwa imekuwa stoo ya mahindi ya msaada. Siku ya kustaafu nilipewa barua, redio na mkono wa mkubwa. Nikafagia mara ya mwisho ingawa hawakuniambia.

Siku hizi nakaa kwa mtoto wangu Kyalo. Tivi yake ina stesheni nyingi, watu wanaongea Kiswahili, Kikamba, hata wale Wakorea wanaandikiwa chini. Kila mtu ameelewa. Wanaangalia kimya, mmoja mmoja, wengine kwa simu. Hakuna anayeniuliza, "Amesema nini?" Hilo ndilo ninakosa, wajukuu, hata kuliko yule bwana wa geti na pua yake. Nakosa kuulizwa. Nakosa sauti thelathini zikisema ooh pamoja kwa giza kidogo, na harufu ya mkonge mbichi, na mtu akiniambia sogea unaziba.

Mbithe tulikuwa tunaonana tukiwa wote Kathonzweni, lakini kwa holi hakuingia hata mara moja, na ile habari hatukuizungumza. Tulizungumza ndengu na wajukuu na meno. Mwaka jana nikaenda kumuona. Ana miti ya maembe ya kupandikizwa, ana tangi. Alikuwa amekaa chini anapepeta ndengu, na mimi nikaona tumezeeka, nisipouliza leo sijui ni lini. Nikamuuliza kama angependa ningelijua lile neno tangu siku ya kwanza, nimwambie mapema, asipoteze ile miaka miwili.

Alipepeta kidogo. Makapi yakaenda na upepo.

"Ungeniambia mapema ningekaa nyumbani nikimngoja peke yangu," akasema. "Kule holi tulikuwa tunamngoja watu wengi."

Halafu akaniambia nisogee, nilikuwa nimekalia gunia lake.